Gari Lililozimika Njiani: Tuulize Kabla ya Kununua

Dalili ya mvua ni mawingu. Methali hii tuliifundisha darasani kwa miaka mingi, tukaiandika ubaoni na kuwataka wanafunzi waieleze kwa mifano. Hatukudhani kwamba siku moja sisi wenyewe tungetahiniwa kwa methali hiyo hiyo, tukiwa tumesimama kando ya barabara kuu ya M1, alfajiri ya baridi kali, na gari letu limegeuka sanduku la bati.

Ilikuwa Jumanne moja ya mwezi wa Julai, mwaka 2018. Tulikuwa tumeahidi kumpeleka Pretoria mama mmoja jirani yetu, mzaliwa wa Bukavu, pamoja na wanawe wawili, ili akahuishe kibali chake ambacho kilikuwa kinakwisha Ijumaa ya wiki ile. Wasomaji wetu wanajua vyema uzito wa tarehe kama hiyo. Kibali kikipita siku yake, mtu hawezi kulala usingizi wa raha, wala mwajiri hamtazami kwa jicho lile lile. Tuliondoka Yeoville saa kumi na moja, giza bado limetanda, taa zinawaka, kipasha joto kinavuma, na watoto wamejifunika blanketi kiti cha nyuma.

Tulipokaribia makutano ya Buccleuch, redio ikanyamaza. Taa za mbele zikafifia, zikawa za manjano kama kibatari kilichoishiwa mafuta. Injini ikakohoa mara mbili, ikazimika. Tuliliburuza gari hadi ukingoni kwa mwendo uliosalia, tukazungusha ufunguo. Tik, tik, tik. Tukazungusha tena. Kimya.

Dereva mmoja wa teksi, Mungu amjalie, alisimama na kumchukua yule mama na wanawe. Hata hivyo walifika Pretoria wamechelewa, wakatakiwa kurudi Ijumaa. Sisi tukabaki na gari, na hapo ndipo ulipoanza mlolongo wa makosa ambao tunausimulia leo, ili msomaji asiurudie.

Makosa yetu

Gari lilivutwa hadi gereji moja ambayo hatutaitaja. Hatukuulizwa swali lolote, nasi hatukueleza lolote. Tuliambiwa kwamba betri imekufa, tukalipa rand 1,150 kwa betri mpya, gari likawaka, tukarudi nyumbani tukiwa na furaha. Alhamisi jioni gari likazimika tena, safari hii katika Louis Botha Avenue, watu wakitupigia honi. Gereji ile ile ikatuambia kwamba basi tatizo ni stata. Tukalipa rand 1,400 nyingine kwa stata iliyokarabatiwa.

Usiku ule tulibisha hodi kwa jirani na kumwambia kwamba gari sasa ni zima, na kesho tutampeleka. Yule mama alitutazama kwa upole, akasema: "Aksanti sana, Mwalimu. Lakini kesho nitapanda teksi. Watoto wamekwisha kuliogopa gari." Ijumaa akaenda kwa teksi, akapata kibali chake. Sisi tulishukuru, lakini hatukuficha nafsini mwetu kwamba maneno yale yalituchoma. Katika ugeni, neno la jirani ndiyo akiba, na sisi akiba yetu ilikuwa imepungua.

Jumamosi alikuja kijana mmoja, fundi umeme wa magari, mwenyeji wa Tanga. Alituamkia, tukaitikia, kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyelifanya kwa siku nne. Hakufungua boneti. Alikaa juu ya tofali na kutuuliza.

"Mwalimu, kabla halijazimika, taa zilikuwaje?"

Tukamwambia zilififia.

"Na ile taa nyekundu yenye picha ya betri, kwenye dashibodi?"

Tukanyamaza kidogo. Kwa kweli ilikuwa ikimeta kwa unyonge kwa zaidi ya wiki moja, nasi tulikwisha kuizoea.

"Basi, Mwalimu," akasema, "gari lilikwambia. Ni altaneta."

Aliliwasha gari letu kwa nyaya kutoka gari lake, akaziondoa nyaya, akaweka multimita juu ya betri huku injini inanguruma. Ilisoma volti 12.1, na alipowasha taa za mbele ikazidi kushuka. Injini inapozunguka, multimita yapasa kusoma baina ya volti 13.8 na 14.5. Alifungua altaneta, akatuonyesha brashi zake za kaboni zilizolika hadi kubaki vipande vidogo kama kucha. Tulilipa rand 380 kwa kazi yote. Betri na stata tulizonunua hazikuwa na kosa lolote, wala zile tulizoziacha gereji huenda hazikuwa na kosa.

Aibu yetu ilikuwa kubwa zaidi kwa sababu tulifundisha fizikia. Tulichora sakiti ubaoni kwa miaka zaidi ya 30. Lakini elimu iliyolala daftarini haiwashi gari. Kwa hiyo tuliazimia kujifunza upya, na haya yafuatayo ndiyo tuliyojifunza.

Gari linahitaji nini ili liwake?

Mambo ni machache. Kwanza, betri humpa stata nguvu ya kuizungusha injini. Pili, injini ikizunguka, huhitaji petroli na hewa kwa kiasi kinachofaa. Tatu, huhitaji cheche ya plagi kwa wakati wake. Nne, injini ikishawaka, altaneta inayozungushwa na mkanda huchukua kazi ya kuzalisha umeme, huku ikirudishia betri kile ilichotumia. Altaneta ikifa, gari huendelea kula akiba ya betri kama familia inayotumia akiba bila mshahara. Litakwenda kwa muda, na siku ya kuishiwa litasimama.

Hivyo basi gari likizimika, swali la kwanza lisiwe "Ninunue nini?" bali "Lilizimikaje?"

Likizimika polepole, taa zikififia na redio ikinyamaza, shuku altaneta au mkanda wake. Likizimika ghafla na kila kitu kikafa kwa pamoja, pamoja na taa za dashibodi, shuku vibano vya betri vilivyolegea, waya mkubwa wa hasi unaofungwa kwenye bodi na injini, fyuzi kuu, au swichi ya ufunguo. Likipoteza nguvu, likavuta na kuachia kabla ya kuzimika, huku taa zikibaki imara, shuku petroli: pampu, chujio, au tangi tupu. Tusicheke tangi tupu. Mshale wa petroli katika gari kuukuu aghalabu ni mwongo. Likizimika lilipopata joto, kisha likawaka lenyewe baada ya kupoa kwa nusu saa, shuku sensa ya krenki, ambayo huiarifu kompyuta ya gari kwamba injini inazunguka, au koili ya cheche.

Likiwashwa, linasema nini?

Swali la pili ni la sikio. Zungusha ufunguo mara moja tu, usikilize.

Ikiwa ni kimya kabisa na taa hazipo, umeme haufiki. Fungua boneti, ushike vibano vya betri na kujaribu kuvizungusha kwa mkono. Kikicheza, kimelegea. Kikiwa na unga mweupe au wa kijani, kimeliwa na kutu. Unga huo husafishwa kwa maji ya moto yaliyochanganywa na magadi ya kupikia, kisha brashi ya waya.

Ikiwa ni kimya lakini taa za dashibodi zinang'aa vizuri, betri huenda haina kosa. Gari la otomatiki, jaribu kuliwasha likiwa katika N badala ya P, kwani swichi ya gea ikichakaa huzuia stata. Tazama pia kitaa cha kizuia wizi. Mjini kwetu magari mengi yamefungwa vizuizi vya aina hiyo baada ya kununuliwa, na mara nyingi kifaa hicho, au waya zake zilizounganishwa kwa pupa, ndicho kinacholinyima gari ruhusa. Jaribu ufunguo wa akiba.

Ikiwa ni tik, tik, tik ya haraka na taa zinafifia kila unapojaribu, betri imeishiwa au umeme unapita kwa shida. Ikiwa ni mlio mmoja mzito, ko!, na kimya, wakati taa ni imara, stata imekwama au injini yenyewe imekaza. Hapo pima kwanza oili na maji. Na kama ulipita katika maji ya mafuriko kabla ya gari kuzimika, usijaribu tena hata mara moja. Maji yakiingia ndani ya silinda hayashindiliki kama hewa, na stata ikilazimisha, vyuma vya injini hupinda.

Ikiwa injini inazunguka vizuri lakini haiwaki, betri na stata ziache, hazina hatia. Fungua ufunguo hatua ya pili bila kupiga stata, usikilize upande wa tangi. Gari lenye pampu ya umeme hutoa mlio mwembamba kwa sekunde mbili hivi. Usipousikia, tazama fyuzi na rilei ya pampu. Baadhi ya magari, hasa ya Ford, yana swichi ya usalama inayokata petroli gari likipata kishindo, nayo hurudishwa kwa kubonyezwa. Lakini injini ikizunguka kwa wepesi usio wa kawaida, kama baiskeli iliyokatika mnyororo, acha mara moja, yamkini mkanda wa taiming umekatika. Kila unapoendelea kupiga stata, waweza kuongeza hasara.

Somo dogo la fizikia

Wengi huuliza: "Iweje taa iwake na stata isizunguke, hali betri ni moja?" Jibu ni Sheria ya Ohm, isemayo kwamba volti zinazopotea njiani ni sawa na mkondo ukizidishwa kwa ukinzani. Tuseme kibano chenye kutu kina ukinzani wa omu 0.02 tu. Taa ndogo huvuta ampea 1, hivyo volti inayopotea ni 0.02, ambayo jicho halitaiona. Lakini stata ya gari dogo yaweza kuvuta ampea 150. Zidisha: volti 3 zimepotea juu ya kutu, na stata imebakiwa na 9 au pungufu. Kutu kidogo ambako taa haikuhisi kumemlaza mtu mzima barabarani.

Kwa sababu hiyo tunamshauri kila mwenye gari kununua multimita ndogo. Bei yake ni sehemu ndogo ya bei ya betri. Betri iliyojaa, gari likiwa limelala usiku, husoma volti 12.6 hivi. Ikisoma 12.2, imebaki nusu. Ikishuka chini ya 12, imekwisha. Unapopiga stata isishuke sana chini ya 10. Injini ikinguruma isome baina ya 13.8 na 14.5. Vipimo hivi vitatu tu vingetuokolea rand 2,550.

Tunatoa onyo hapa. Wapo mafundi ambao bado huipima altaneta kwa kuchomoa kibano cha betri huku injini inanguruma. Katika magari ya kabureta ya zamani jambo hilo lilivumilika. Katika gari lenye kompyuta, volti huweza kuruka ghafla na kuunguza vifaa vya thamani. Mtu akitaka kufanya hivyo kwenye gari lako, mzuie.

Hali ya hewa ya mji wetu

Sisi tuliotoka Mombasa, Dar es Salaam au Uvira hatukuzoea betri kuteswa na baridi. Johannesburg iko kimo cha mita 1,750 hivi juu ya usawa wa bahari, na alfajiri za Juni na Julai kipimajoto hukaribia sifuri. Baridi huipunguzia betri nguvu wakati ule ule ambapo oili nzito inaifanya injini kuwa ngumu kuzungushwa. Betri ya miaka minne iliyojikongoja msimu wa joto hufichua udhaifu wake asubuhi ya kwanza ya barafu. Ipime mwezi wa Mei.

Nazo mvua za radi za alasiri, kuanzia Novemba hadi Februari, huyasumbua magari kuukuu yenye distribyuta na waya ndefu za plagi. Unyevu ukiingia ndani ya kifuniko cha distribyuta, cheche hupotea. Dawa yake ni kitambaa kikavu na subira, si kipuri.

Usalama kwanza

Gari likizimika mwendoni, usukani na breki huwa vizito. Breki hubakiza nguvu ya kukanyaga mara moja au mbili, kwa hiyo kanyaga kwa uthabiti, usipigepige. Usitoe ufunguo kabla gari halijasimama kabisa, usukani usije ukajifunga. Washa taa za tahadhari, toka upande usio na magari, uwapeleke watoto nyuma ya kizuizi cha chuma. Weka pembetatu nyuma, umbali usiopungua mita 45, ikiwa ni salama kufanya hivyo. Mahali penye sifa mbaya ya wizi, funga milango, mpigie simu ndugu na umwambie mahali ulipo kabla ya lolote. Gari la kuvuta likija bila kuitwa, usiruhusu mnyororo kufungwa kabla hujapata kwa maandishi bei na mahali linapokwenda.

Ukiwashwa kwa nyaya, waya mwekundu uanze kwenye chanya ya betri mbovu, kisha chanya ya betri nzima. Waya mweusi uanze kwenye hasi ya betri nzima, na ncha ya mwisho ifungwe kwenye chuma kitupu cha injini ya gari bovu, mbali na betri. Betri hutoa hewa ya haidrojeni, na cheche moja yaweza kuilipua. Kusukuma gari la gea za mkono, ukiwa katika gea ya pili, kwafaa iwapo tatizo ni betri au stata. Gari la otomatiki haliwashwi kwa kusukumwa.

Haki zako mbele ya gereji

Sheria ya Kulinda Watumiaji ya Afrika Kusini, namba 68 ya mwaka 2008, ilianza kutumika kikamilifu mwaka 2011. Kifungu cha 15 kinaitaka gereji ikupe makadirio ya bei na kupata idhini yako kabla ya kutengeneza. Ada ya uchunguzi nayo haidaiwi ikiwa hukuambiwa na kukubali mapema. Kifungu cha 67 kinakupa haki ya kurudishiwa vipuri vya zamani vilivyotolewa garini mwako. Kifungu cha 57 kinakuwekea dhamana isiyopungua miezi 3 kwa kipuri kipya au kilichokarabatiwa, pamoja na kazi ya kukifunga. Mkishindwa kuelewana, iko ofisi ya Msuluhishi wa Sekta ya Magari ambayo hupokea malalamiko. Hatuoni sababu ya mgeni kunyamaza kwa kuogopa lafudhi yake. Omba risiti yenye maelezo, na uitunze.

Sisi hatukuyajua hayo mwaka 2018. Betri yetu ya zamani na stata yetu ya zamani tuliziacha gereji bila kuziuliza, kama mtu aachaye makoti yake harusini.

Kwa kumalizia

Tunawaomba wasomaji wakate ukurasa huu wauweke garini, kwa maana mwanga wa simu na karatasi hutosha usiku. Na kabla ya kutoa hata rand moja, andika majibu ya maswali haya matatu: Lilizimikaje? Likiwashwa linasema nini? Taa zinasema nini? Mpe fundi karatasi hiyo. Fundi mwema ataisoma na kuongeza maswali yake. Asiyetaka kuisoma, mshukuru, uende kwa mwingine.

Lile gari, Toyota Tazz ambayo kiwanda kiliacha kuitengeneza mwaka 2006, lingali nasi. Miezi mitatu baada ya mkasa ule, yule mama alibisha hodi jioni. Mwanawe mdogo alikuwa na homa, na alihitaji kufikishwa hospitali. Tulipozungusha ufunguo, sote wanne tuliitazama ile taa nyekundu ya betri. Iliwaka, injini ikanguruma, taa ikazimika kama ipasavyo. "Twende, Mwalimu," akasema, akafunga mlango.